Kipanya chenye homa ya vipindi

Chombo kilichokufa kabisa hakimpi mtu taabu nyingi. Taa iliyoungua yabadilishwa, sufuria iliyotoboka yazibwa au yatupwa, na shauri limekwisha. Taabu iko kwa chombo ambacho leo ni kizima, kesho kigonjwa, na keshokutwa kizima tena. Mbele ya fundi kinatulia kama mtoto mwema. Fundi akivuka kizingiti tu, kinaanza tena vituko vyake. Kati ya vyombo vya namna hiyo twataka kusema habari za kimoja kilicho kidogo sana, nacho ni kipanya cha kompyuta, ambacho wengi kwetu Lubumbashi hupenda kukiita suri, kwa kufuata Kifaransa.

Sisi ni makarani watatu. Twafanya kazi katika duka moja la kuandikia watu barua, maombi ya kazi, karatasi za arusi na kazi za wanafunzi. Duka lina kompyuta tatu za mezani na mashini moja ya kuchapishia. Mtu akitaka kujua thamani ya kipanya, na aje dukani siku ya mwisho ya wanafunzi wa chuo kupeleka kazi zao. Watu kumi wamesimama mlangoni, kila mmoja na flashi yake mkononi, na kishale kwenye kioo kimegoma katikati ya ukurasa. Unasukuma kipanya, kishale hakiendi. Unasukuma tena, kinaruka kama panzi na kuangukia mahali usipotaka. Halafu, bila kufanyiwa lolote, kinapona. Watu wanacheka, kazi inaendelea. Baada ya saa moja kinaugua tena.

Ugonjwa wa namna hii twaufananisha na homa ya vipindi. Mgonjwa anafika kwa dispensari asubuhi, mwili umepoa, anatembea vizuri, hata yeye mwenyewe aona haya kusema anaumwa. Mwuguzi mwenye akili hamfukuzi. Amwuliza: Homa yakushika saa ngapi? Wapata baridi kwanza, ao kichwa? Jana ilikuja? Na juzi? Maana iko malaria ambayo hurudi baada ya saa 48, na mtu asiyehesabu siku hatajua kamwe. Vivyo hivyo kwa kipanya: dawa ya kwanza si bisibisi, wala si fedha ya kununua kingine. Dawa ya kwanza ni daftari na kalamu.

Twajua wengi watacheka. Daftari kwa ajili ya kipanya? Lakini sikilizeni kwanza. Ugonjwa unaoondoka wenyewe humpa sifa kila mganga. Kipanya kimegoma, mmoja akipiga juu ya meza, kinapona, basi, asema, dawa ni kukipiga. Mwingine achomoa na kuchomeka, kinapona. Asema dawa ni kuchomoa. Wa tatu aenda kunywa maji, arudi, akuta kimepona. Huyu angeweza kusema dawa ni kunywa maji! Kwetu alikuja fundi mmoja, akabadilisha tundu, akafuta vumbi, akaingiza programu mpya, akazima kompyuta na kuiwasha, yote kwa nusu saa. Kipanya kikatembea vizuri. Alilipwa, akaenda. Siku ya tatu homa ikarudi. Hata kama isingerudi, nani angejua ni dawa gani kati ya zile nne iliyoponya? Ndiyo sababu twasema: badilisha kitu kimoja tu, andika, kisha ungoje. Na kungoja kwenyewe kuwe na kipimo. Ikiwa kipanya huugua mara mbili kwa siku, nusu saa ya utulivu si ushuhuda wa kitu. Ngoja siku mbili au tatu. Ikiwa huugua mara moja kwa juma, yakupasa kungoja majuma mawili. Hapo ndipo watu wengi huchoka, nao hununua kipanya kipya, kikaugua vilevile.

Sasa tueleze kwa nini sisi wenyewe tulishika daftari. Haikuwa kwa kupenda elimu. Ilikuwa kwa sababu ya mdogo wetu, yule msichana anayekaa kwenye kompyuta ya karibu na mlango. Kipanya chake hakina kamba. Chasemezana na kipokezi kidogo kama ukucha, kilichochomekwa mbele ya kompyuta. Kila siku baada ya saa nane mchana kilikuwa kikimkatalia. Asubuhi Papa, ndiye mwenye duka, hukaa pale pale kufanya hesabu zake, na kipanya chamtii. Basi akasema: «Mimi nikikaa hapa, hakuna shida. Wewe ukikaa, shida. Binti, mkono wako ni mzito.» Yule msichana akajibu kwa heshima: «Papa, mkono ni huu huu wa asubuhi.» Lakini jibu halikusaidia. Kilinunuliwa kipanya kipya cha namna ile ile, na baada ya siku mbili kikaugua kama cha kwanza. Papa akasema bei ya vyote viwili itakatwa katika mshahara wake, na cha tatu kikiharibika, atafute kazi mahali pengine.

Wasomaji, yafaa mfikiri juu ya neno hili. Chombo kilichokufa hakimshitaki mtu; kila mmoja aona kwamba kimekufa. Bali chombo chenye homa humshitaki yule anayekikalia saa ya homa. Wenzake wote hukikuta kizima. Yeye peke yake asema kigonjwa, naye hana mashahidi. Msichana huyu analisha mama yake na wadogo zake wawili kwa mshahara ule.

Tukamwambia tutaandika. Kila mara kipanya kinapogoma, mmoja wetu aandike saa, nani amekaa, alikuwa akifanya kazi gani, na ni vitu gani vimechomekwa katika kompyuta wakati ule. Hilo la mwisho tuliliongeza bila kujua faida yake. Tukaandika kwa majuma mawili. Tena tukabadilishana viti: yeye akakaa kwenye kompyuta ya ndani, mwingine wetu akakaa mlangoni.

Daftari lilisema wazi. Kwanza, kompyuta ya mlangoni iliugua vilevile alipokaa karani mwingine, na yeye kwenye kompyuta ya ndani hakupata shida hata moja. Basi mkono ukawekwa huru. Pili, karibu kila mara homa ilipokuja, kulikuwa na flashi ya mteja imechomekwa ubavuni mwa kipokezi, na mara nyingi kazi ilikuwa kunakili mafaili makubwa. Asubuhi, Papa alipofanya hesabu, hakukuwa na wateja wa flashi. Wanafunzi hufika baada ya masomo. Kumbe saa nane haikuwa saa ya msichana, ilikuwa saa ya wanafunzi!

Tukajaribu. Tulichomeka flashi moja, tukaanza kunakili, kishale kikaanza kuruka. Tukaitoa, kikatulia. Tukairudisha, kikaruka. Tulifanya hivyo mara tano mbele ya Papa, naye akasimama akiangalia, mikono nyuma. Mara ya tano akasema: «Inatosha.» Mwisho wa mwezi mshahara ulitolewa mzima. Neno lingine juu ya jambo lile hatukulisikia.

Sababu yake yajulikana. Kipanya kisicho na kamba na kipokezi chake husemezana kwa mawimbi ya redio, kwenye masafa ya karibu gigahertzi 2.4. Matundu ya USB ya namna ya tatu, ambayo mara nyingi yana plastiki ya buluu ndani, yalianza kuwekewa kanuni zake mwaka 2008. Hupitisha habari kwa mbio sana, na mbio ile huzaa kelele ya redio inayomwagika mpaka kwenye masafa yale yale. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa maandishi yaliyoeleza jambo hili kwa vipimo. Mfano wake ni kama kuweka redio kando ya mota: wimbo upo, ila husikii ila mkwaruzo. Sauti ya kipanya ni ndogo, kipokezi kimeketi bega kwa bega na mpiga kelele, basi maneno mengine hupotea njiani, na kishale huruka. Tuliponyesha kwa kamba ya kurefushia ya USB, ya urefu wa mita moja, tukaleta kipokezi juu ya meza, mbali na flashi na karibu na kipanya. Kamba ile ilikuwa ya bei ndogo kuliko kipanya kimoja.

Hata hivyo daftari lilikuwa na mistari michache ambayo haikupatana na flashi. Kipanya kiligoma, na hapakuwa na kitu kimechomekwa. Mtu mwenye haraka angeifuta, apate hesabu safi. Tuliiacha, na ilikuwa vema, kwa maana ilikuwa ugonjwa wa pili ndani ya mgonjwa mmoja: mawe ya tochi yaliyomo katika kipanya yalikuwa yamechoka. Jiwe likichoka halifi mara moja. Likipumzika usiku hupata nguvu kidogo, lafanya kazi asubuhi, jioni lashindwa. Ukifungua mlango wake tazama pia vibati vya chuma: vikiwa na unga mweupe au kutu, nguvu haipiti sawasawa. Futa kwa kitambaa kikavu, au sugua polepole kwa kifutio cha penseli.

Lakini mtu asidhani sasa kila kipanya kinaugua kwa flashi ya jirani. Chombo hiki kina historia, na kila kizazi chake kina magonjwa yake. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 huko California, katika chuo cha utafiti cha Stanford Research Institute. Douglas Engelbart ndiye aliyekifikiri, na mwenzake Bill English akakiunda: kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini na kifungo juu. Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1970. Baadaye magurudumu yakaacha nafasi kwa mpira mdogo. Waliofanya kazi katika maofisi ya miaka ya 1990 wakumbuka: mpira ulizoa uchafu wa meza na kuubandika kwenye vigurudumu vya ndani, na kila juma karani alikuwa akiufungua na kukwangua kwa ukucha. Tangu mwaka 1999 vipanya vyenye jicho vilienea sana madukani, na mpira ukapotea.

Jicho hilo ni kamera ndogo. Hupiga picha za meza zaidi ya elfu kwa sekunde moja, likilinganisha kila picha na ile iliyotangulia ili kujua mkono umeelekea wapi. Basi likikosa cha kuona, lakosa cha kusema. Meza ya kioo, au ya mbao iliyong'arishwa sana, hulidanganya. Unywele mmoja ukiingia kwenye tundu la jicho na kucheza mle ndani, kishale hutetemeka, na unywele ukisogea, kinapona. Kwetu Lubumbashi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, mvua isiponyesha, vumbi jekundu huingia kila mahali, hata katika mkate. Zima, geuza kipanya, futa jicho kwa pamba kavu iliyosokotwa kwenye kijiti. Usimwage maji, usipulize kwa kinywa, maana mate nayo ni maji. Chini yake weka karatasi nyeupe isiyong'aa, au jalada la daftari. Ikiwa kinaugua saa fulani tu ya mchana, tazama kama jua la dirishani lapiga juu ya meza saa ile. Mwanga mkali ukipenya chini ya kipanya, jicho hupofuka kwa kitambo.

Kipanya chenye kamba kina udhaifu wake mahali pamoja hasa: shingoni, pale kamba inapoingia mwilini. Ndani ya kamba mna nyuzi nyembamba za shaba. Kila siku zapindwa huku na huku, nazo hukatika moja moja bila ngozi ya nje kuonyesha jeraha. Ncha mbili zilizokatika hugusana, kipanya kizima, zaachana, kipanya kimekufa, zagusana tena. Jaribio lake ni jepesi. Shika kamba kwa vidole karibu na shingo, uipinde taratibu upande huu na huu, huku mkono mwingine ukisukuma kipanya. Kishale kikikufa na kufufuka kwa kadiri unavyopinda, umeona donda. Fundi mwenye chuma cha kulehemu aweza kukata kipande kibovu na kuunga upya. Kama huna fundi wa namna hiyo, nunua kingine, wala si dhambi.

Yawezekana pia kipanya hakina kosa, bali tundu limelegea kwa kuchomekwa kila siku. Hamisha kipanya nyuma ya kompyuta. Matundu ya nyuma yameshikamana na ubao mkuu wenyewe. Yale ya mbele yamefungwa kwa waya wa ndani, na waya huo mara nyingine hulegea. Kisha ufanye lile jaribio ambalo sisi twalipenda kuliko yote: peleka kipanya kigonjwa kwenye kompyuta nzima, na kipanya kizima kwenye kompyuta inayolalamikiwa. Vikae hivyo siku kadhaa. Ugonjwa ukifuatana na kipanya, kosa ni la kipanya. Ukibaki kwenye kompyuta, mwache kipanya, tafuta ndani.

Ndani mna mambo mawili yanayodanganya watu wengi. La kwanza ni usingizi. Windows ina desturi ya kupunguza umeme wa matundu ya USB yasiyotumika, ili kuokoa nguvu. Dalili yake ni hii: kipanya hugoma baada ya kupumzika tu, kamwe si katikati ya kazi, nacho huamka ukibonyeza au ukingoja kidogo. Katika orodha ya vyombo vya kompyuta, fungua jina la tundu la USB, kwenye sehemu ya umeme ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kulizima. La pili ni kulemewa. Kompyuta inaingiza programu mpya kimyakimya, au inapekua virusi, au nafasi ya diski imejaa. Kishale chaganda, na mtu apiga kipanya bure. Bonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi, tazama taa yake. Ikiwaka na kuzima mara moja, mashini iko hai, fikiri kwanza juu ya kipanya. Ikichelewa, usimshitaki kipanya. Mashini yote inahema.

Kuhusu kifungo kinachobonyezwa mara moja na kusikika mara mbili, hatuna mengi. Ni kibati cha ndani kimechakaa. Fungua faili moja baada ya nyingine kwa kubonyeza mara moja tu, polepole, mara hamsini, ukihesabu ni mara ngapi limefunguka kana kwamba ulibonyeza mbili. Katika mipangilio unaweza kuongeza mwendo wa mbonyezo wa mara mbili, lakini huko ni kumfunga kilema bandeji. Atatembea kidogo, hatapona.

Na kama homa imekushika katikati ya kazi ya mtu, mteja amesimama, umeme nao hauaminiki? Usipige meza. Kibodi yako ina vidole vya kutosha. Bonyeza Ctrl pamoja na S: kazi imewekwa akiba. Hilo lifanye kwanza kabla ya kuchomoa chochote. Ctrl pamoja na P hupeleka ukurasa kwenye mashini ya kuchapishia. Tab hukupeleka kutoka kifungo hiki hadi kile, na Enter ni sawa na kubonyeza. Alt pamoja na F4 hufunga dirisha. Tena Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, zikibonyezwa pamoja, huleta swali kwenye kioo; ukikubali, namba za upande wa kuume wa kibodi zasogeza kishale: 8 kwenda juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kuume, na 5 ni mbonyezo. Chaenda polepole kama kinyonga, lakini chafika. Sisi tumeviandika vyote kwa karatasi ndogo, tumeibandika kando ya kila kioo, na chini yake tumetundika daftari kwa uzi.